Saa Iliyokimbia na Mbuzi

Kijana alitoka Dar es Salaam kwa treni, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akanipa shikamoo ya kuinama, na kwa hayo mawili nikamsamehe suruali yake iliyochanika magotini. Kazi yake ni kuzunguka miji ya reli akinunua saa za mkono za zamani, zile za otomatiki zisizotiwa ufunguo, ambazo sasa, anasema, watu wanazigombania kwenye simu. Binti yangu Rehema ndiye aliyemwita. Tangu nitoke eda ya marehemu mume wangu, Rehema amekuwa akinitafutia kila njia ya kunipumzisha: kaniletea msichana wa kazi, kaninunulia kiti chenye mto, kanikataza jikoni. "Kaa tu, Mama, umeshafanya kazi ya kutosha." Nami nimekaa. Nimekaa mpaka mto umechukua umbo langu. Kijana akaishika saa yangu, akaitikisa mara moja karibu na sikio, kisha akatikisa na kichwa chake. "Bibi, hii imekufa. Lakini nitaichukua hivyo hivyo." Nusura nicheke mbele ya mgeni. Maneno hayo niliyajua kabla mama yake hajazaliwa. Niliyasikia mwaka mzima yakisemwa na bingwa wa kuyasema, mjomba wangu Salehe, katika duka lake la saa karibu na soko la hapa Tabora. Nikamwambia kijana anywe chai kwanza.

Ulikuwa mwaka ule wa vijiji. Redio ya Mjomba ilianza kuhutubia vijiji vya ujamaa kabla hatujanawa uso, na ikimaliza, wanaume wa barazani nao wanahutubiana, kila mmoja akijua kijiji cha nani kimehamia wapi na nani kabebwa kwenye lori pamoja na kuku wake. Sukari ilipangiwa foleni. Saa mpya hazikuonekana kabisa, si Tabora wala Nzega, na kwa sababu hiyo saa kuukuu zikapanda cheo. Mjomba alizinunua kwa wastaafu wa reli, kwa makarani, kwa familia zilizofunga virago kuhama nchi, saa ambazo wakubwa wa kikoloni walizivaa wakiwa vijana. Alizisafisha kwa petroli, akazibadilisha mikanda, akaziuza kwa wakulima wa tumbaku waliokuja mjini na pesa ya msimu na hamu ya kutazama mkono mbele ya wenzao. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimekuja kukaa kwake ili nijifunze cherehani kwa mkewe, Bi Zainabu. Chumba cha mbele ndicho kilikuwa duka, chenye kabati la kioo na meza ndogo chini ya dirisha, na pazia la maua lililotenga duka na nyumba. Nyuma ya pazia hilo Bi Zainabu alishona, akasikia kila kitu, na akatoa hukumu bila kuonekana. Cherehani yenyewe siijui mpaka leo.

Sikuijua kwa sababu mikono yangu ilipata kazi nyingine. Mkulima hanunui saa iliyolala. Anataka aikute inakwenda, aiweke sikioni, atabasamu. Sasa saa ya otomatiki haina ufunguo wa kuisaidia. Ndani yake kuna kipande cha chuma cha nusu duara, Mjomba alikiita mwezi, ambacho huzunguka mkono unapotembea na kuikaza springi. Ukiiacha kabatini, kesho yake imesimama. Kwa hiyo saa zote ambazo hazijauzwa ilibidi zivaliwe. Mjomba alivaa mbili. Bi Zainabu alikataa kata kata: "Mimi si mti wa kutundikiwa." Zilizobaki zikaja kwangu, mikono yote miwili, kutoka kifundo hadi karibu na kiwiko. Siku ya kwanza, kwa ujinga wangu wa kupenda kazi, nilikwenda nazo kinuni. Nilikuwa sijashusha mchi mara tatu Mjomba akatoka mbio, kanzu imekunjwa kiunoni. "Tausi! Unatwanga mahindi au unatwanga mtaji wangu?" Ndipo nikafundishwa: kutwanga kunaua saa, kufua kunailowesha, kufagia kunafaa, lakini kupepeta ndiko kwenyewe. Ungo ukipanda na kushuka na kuzungushwa kidogo ili chuya ziende pembeni, mwezi nao huzunguka ndani, krr, krr, krr, unausikia kwenye mfupa wa mkono. Basi nikapepeta. Ulipokwisha mchele wetu nikapepeta wa jirani, kisha wa jirani wa jirani, na mwaka ule mtaa wetu haukutafuna jiwe hata moja. Watu walinisifu kwa bidii, na sikuwasahihisha.

Kabla ya kumkabidhi mteja saa yake Mjomba aliuliza swali moja: "Nikutegee ya reli au ya msikiti?" Wa reli walitaka mshale mfupi usimame juu kabisa adhuhuri, kama wa saa kubwa ya stesheni. Wazee wa mjini walitaka usimame juu jua linapozama, ndipo siku mpya inapoanza na ndipo tarehe kwenye kidirisha chake inapopaswa kuruka, si katikati ya usiku watu wamelala. Mteja mmoja alitaka zote mbili. Mjomba akamuuzia mbili.

Mchana mmoja akaingia Mzee Mwinshehe. Alikuwa gadi mstaafu wa treni, yule mtu wa behewa la mwisho mwenye bendera na filimbi, Mzaramo aliyeletwa Tabora na reli na kubakizwa na mke. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kutoka huku hadi pwani, na yeye na Mjomba hawakuwahi kusalimiana kwa adabu hata siku moja. Mtani anakutukana, anakunyang'anya kofia, anakula sahani yako, na huruhusiwi kununa. Unachoruhusiwa ni kujibu. Basi Mjomba akaanza kama kawaida: "Leo Mzaramo amekumbuka kulipa ujira wa babu yangu!" Tukangoja jibu. Halikuja. Mzee aliivua saa, akaiweka juu ya kioo. Ilikuwa saa nzuri sana, uso wake ulikuwa mweupe zamani na sasa umegeuka rangi ya maziwa ya mgando, namba za dhahabu. "Ichukue, Salehe. Imekufa. Tangu Bibi Mosi aondoke, kila nikiamka naikuta imesimama. Sitaki kuiona." Bibi Mosi alikuwa mkewe, alifariki kabla ya mfungo. Mjomba akaifungua saa, akabana lenzi jichoni, akachungulia kwa muda mrefu. "Haina ugonjwa, Mwinshehe." "Nimekwambia imekufa." Mjomba akamtazama, akasema yale maneno yake, lakini safari hii bila furaha ya biashara: "Haya, imekufa. Nitaichukua hivyo hivyo." Mzee akapokea alichopewa bila kukiangalia, akatoka. Pazia likasema: "Hajapatana bei? Mzaramo hajapatana bei? Huyo anakwenda kufa."

Niliivaa mimi. Juma zima haikusimama wala kuchelewa. Jioni moja tulikaa mkekani, ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga, Mjomba akaniomba mkono, akaiangalia saa ile kwa mwanga wa taa ya chemli. "Kwa Tausi inakwenda kwa sababu Tausi anakwenda," akasema. "Yule mtu maisha yake yote alitembea urefu wa treni, mbele na nyuma, mikono ikipepea bendera. Sasa ameketi. Haketi kama anayepumzika. Ameketi tu." Bi Zainabu akasema sahani aliyompelekea juzi ilirudi kama ilivyokwenda, na kwamba dirisha la nyumba ile halijafunguliwa tangu matanga. "Mpelekee saa yake, mwambie atembee." Mjomba akacheka bila raha. "Nikimwambia hivyo atanipa mgongo. Umemsikia? Nimemdai ujira wa babu, hakujibu. Mtani asiyejibu huyo hana dawa ya hospitali." Nilielewa kwamba nimevaa mkononi ushahidi wa mtu anayejifia polepole kwenye kiti, na kwamba ushahidi huo ulikuwa unauzwa. Maana tayari mteja alikuwapo: Masanja, mkulima wa tumbaku wa upande wa Urambo, aliiona saa ile mkononi mwangu na akaapa hatavaa nyingine. Angerudi akishapata malipo ya msimu, na duka lilihitaji sana pesa yake.

Asubuhi Mjomba alinivua saa nne, ile ya Mzee ikiwamo, akaibadilisha mkanda ili isitambulike upesi, akazifunga kwenye leso, tukaenda hadi nyumba ya Mzee Mwinshehe nyuma ya stesheni. Ndani mlikuwa na giza la kufungiwa. Birika lilikuwa baridi, bendera za kijani na nyekundu zimekunjwa msumarini pamoja na filimbi, na uani mbuzi wa marehemu, jike nene lililodekezwa, lilikuwa likila ufagio. Mzee alikuwa kwenye kiti. Mjomba hakupiga hodi ya pili. "Babu zangu walibeba mizigo ya pwani mpaka shingo zikaingia kifuani," akasema kwa sauti ya kuamsha mtaa, "na nyinyi mkikaa vibarazani mkila nazi. Leo zamu yenu. Saa nne, hata ndege anaziweza. Zitembezwe kutwa, zisisimame hata moja. Na mtani hakatai!" Mzee aliunyoosha mkono tukamvisha, bila neno, bila hata kuzitazama. Alikuwa amechoka kiasi hicho.

Kila jioni nilitumwa kwenda kuzikagua, na kila jioni zilikuwa zinakwenda. Nilirudi mbio: "Zinatembea, Mjomba! Zote!" Nyumba ikafurahi, Bi Zainabu akamchinjia Mzee kuku. Kitu kimoja tu kilinisumbua. Nilipofika nilimkuta Mzee kwenye kiti kile kile, saa zimewekwa juu ya meza, na dirisha bado limefungwa. Nikajiambia labda anatembea asubuhi.

Masanja alifika siku ya soko, ananuka tumbaku na furaha, akaketi dukani na kuagiza ile yenye uso wa maziwa. "Mwangaluka, baba. Nimekuja na mzigo wote," akasalimia kwa Kinyamwezi, akijipapasa mfuko wa shati. Mjomba alikuwa akimzungusha kwa maneno, mara ipo matembezini, mara inazoezwa, nami nilikuwa nje barazani na ungo wa mchele, nikijua maneno ya Mjomba yana mwisho na pesa ya Masanja ni ya kweli. Mara tukasikia kelele kutoka sokoni: "Mbuzi! Shika mbuzi!" Halafu filimbi. Si ya polisi. Ya treni, ile ndefu ya kuondoka. Likatokea jike nene lina mchicha mdomoni na kitambaa cha kanga kimefungwa shingoni, na nyuma yake Mzee Mwinshehe, kanzu ameikusanya magotini, miguu mikavu inakwenda kasi ambayo hakuna aliyeidhania, filimbi mdomoni, na watu wa soko wanampisha huku na huku kama wanavyopisha treni. Mbuzi aliuona mchele wangu akaja moja kwa moja, akatia kichwa kwenye ungo. Nikamkumbatia shingo. Na pale, kwenye kile kitambaa, sikio langu likasikia: krr, krr, krr.

Mjomba alikifungua kitambaa mbele ya Masanja na nusu ya soko. Saa nne, zote zinakwenda, zimepishana dakika chache tu. Kumbe gadi ni gadi: alipewa kazi, kazi lazima ifanyike, na yeye hakuwa na nguvu ya kuinuka, basi akampa mbuzi azitembeze uani kutwa, jioni akazifungua kabla sijafika. Siku ile mlango wa ua ulisahaulika wazi. Mjomba akavuta pumzi. "Mzaramo! Nimekupa mzigo, wewe umempa mbuzi!" Mzee alikuwa ameegemea mwimo wa mlango, jasho linamtiririka, kifua kinapanda na kushuka. Tukaona midomo yake inatafuta kitu. "Babu zako," akasema, akapumua, "babu zako walibeba wenyewe kwa sababu hawakuwa na akili ya kutafuta mbuzi." Nyuma ya pazia Bi Zainabu akapiga kigelegele. Mjomba alicheka mpaka lenzi ikamdondoka, akakaa sakafuni, na mimi nikacheka na kulia kwa pamoja nikiwa bado nimemkumbatia mbuzi wa watu.

Masanja hakucheka sana. Alikuwa mtu wa biashara. Alinyoosha mkono akaichukua ile yenye uso wa maziwa. "Hii ndiyo. Saa iliyokimbia na mbuzi haiwezi kunishinda shambani." Mzee Mwinshehe akaitazama kwenye mwanga wa mlango, kwa mara ya kwanza. Akamshika Masanja mkono, taratibu. "Ngoja, mwanangu." Akaigeuza, akapitisha kidole kwenye mkwaruzo wa mgongoni, ambao ulitokana na mlango wa behewa. "Salehe. Hii si yangu? Si ilikufa?" "Ilikufa kwako," Mjomba akajibu toka sakafuni. "Kwa mbuzi imefufuka." Mzee akaiweka sikioni. Soko zima lilikuwa mlangoni. Alisikiliza kwa muda, machozi yakachanganyika na jasho, kisha akasema kwa sauti ndogo, si kwa ajili yetu, "Kumbe niliyesimama ni mimi." Akaivaa. Akamwambia Masanja, "Hii haiuzwi, mwanangu. Ina mwenyewe," na Masanja, ambaye mama hakumfunza bure, akainamisha kichwa na kuchagua nyingine kati ya zile tatu.

Alichokifanya Masanja kwao sikijui, lakini msimu ule wakulima walimiminika wakiuliza saa za mbuzi. Wengine walikataa kabisa saa ambayo haijakimbia naye. Mjomba aliapa kwa uso mkavu kwamba hauzi nyingine, na kwa kweli hakuwa mwongo, maana Mzee Mwinshehe sasa alikuja kila asubuhi na mbuzi wake kwa kamba, saa mikononi mwake na nyingine shingoni kwa mbuzi, kutoka stesheni hadi dukani na kurudi jioni. Za reli alizitega stesheni, za msikiti alizitega adhana ya magharibi. Alikunywa chai yetu kwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akavisema vibaya kwamba ni chakula cha wapagazi, akaongeza vingine. Dirisha lake lilifunguliwa. Mimi nikahamia kwenye kabati la kioo. Nikajifunza kunyamaza mteja anapotaja bei, na kutambua saa ya wizi kwa jinsi muuzaji anavyokaa. Biashara hiyo ndiyo iliyonilisha mimi na wanangu baadaye, nikiwa na meza yangu mwenyewe, na kila mteja mbishi nilimpima kwa Masanja.

Mzee alifariki nikiwa tayari na watoto, kwa amani, usingizini, baada ya kutembea kutwa. Wanaume walipomaliza kumwosha, Mjomba alitoka na saa kiganjani. Mtani ana ruhusa yake hata msibani. "Mtazameni mvivu huyu," akasema kwa sauti inayotetemeka, "kalala yeye, kaiacha saa ifanye kazi peke yake!" Watu wakacheka kwenye machozi yao, kama inavyotakiwa. Kisha akanijia upande wa wanawake, akaniita pembeni. "Vaa, Tausi. Bado inakwenda kwa hatua zake za jana." Nikaivaa palepale, kabla hazijaisha. Tangu hapo, ukiacha siku za fundi, sikuiacha isimame: nililea watoto nayo, nilizeeka nayo, mume wangu alikuwa akisema usiku inamwimbia. Alipoondoka yeye, niliivua pamoja na bangili, kama mjane anavyovua mapambo, nikaiweka sandukuni. Eda ikaisha. Bangili nikazivaa.

Kijana alimaliza chai. Akaangalia kimya changu, akadhani ni mbinu ya biashara, akapandisha bei. Alikuwa mpatanaji mzuri, Mjomba angempenda. Akapandisha tena. Nikaichukua saa mezani, nikaifunga mkononi. Mkono umekonda, ikabidi tundu la ndani kuliko la zamani. Kisha nikashika mikono ya kile kiti, nikainuka. Magoti yalilalamika, nikayaacha yalalamike.

"Rehema," nikaita, "niletee ungo."

Rehema akachungulia kutoka jikoni. "Mama, mchele wa siku hizi unakuja umeshapepetwa."

"Najua," nikamwambia. "Ulete."